Ngozi ya Miriam

Simu kutoka kwa Mkemia wa Serikali iliita asubuhi, Inspekta Bupe Mwaisaka akiwa bado anapangusa vumbi kwenye kiti chake. Laini ilikuwa mbovu. Mtu wa Dar es Salaam alilazimika kurudia kila sentensi, na Bupe naye akawa anaitamka upya ili Koplo Khamisi, aliyekaa upande wa pili wa meza, aandike.

Tumboni mwa marehemu hamkukutwa sumu. Krimu zilizotolewa chini ya kitanda chake, zile zilizotoka kwenye kibanda cha mumewe, hazikuwa na zebaki wala kitu chochote cha kuunguza. Nyingi hazikuwa zimefunguliwa kabisa. Kisha mtu wa Dar es Salaam akafikia vikopo viwili vyeupe vya kliniki vilivyokutwa kwenye vitu vyake. Vyote vilikuwa na jina la marehemu na namba ileile ya mgonjwa, vimeandikwa kwa mwandiko mmoja, lakini vilivyokuwamo havikufanana. Cha mwezi wa tatu kilikuwa na masalia ya marhamu yenye dawa kali ya homoni. Cha mwezi wa sita kilikuwa na mafuta ya mgando matupu, yale ambayo mama humpaka mtoto baada ya kumwogesha.

Bupe alimwomba arudie hilo la mwisho. Akarudia.

"Basi si mume," Koplo Khamisi alisema simu ilipowekwa chini.

"Hatujui bado. Tunajua tu kwamba si krimu."

Miriam Chilongani, fundi cherehani wa Chang'ombe ya Dodoma, alikuwa amefia nyumbani kwa kaka yake huko Mkonze mwishoni mwa Julai. Kaka huyo, Yoramu, mkulima wa zabibu, ndiye aliyekuja kituoni kwa miguu kusema dada yake ameuawa. Bupe alikwenda akaiona maiti. Ngozi ilikuwa nyekundu kutoka paji la uso mpaka nyayo, inabanduka vipande vipande kama ganda la kitunguu, na shuka lilikuwa limegandamana na mgongo. Alikuwa ameshaona watu walioungua kwa mafuta ya taa, na walioungua kwa tindikali. Huyu alifanana nao wote. Daktari wa hospitali aliandika kwamba kifo kilitokana na ngozi kuharibika mwili mzima na vijidudu kuingia kwenye damu, ila chanzo cha kuharibika huko hakijulikani.

Kwa Yoramu chanzo kilijulikana. Yahaya, mume wa Miriam, alikuwa muuza vipodozi. Tangu milango ya biashara ifunguliwe, losheni na krimu za kila nchi zilikuwa zimemiminika Chang'ombe, na Yahaya alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuweka kibanda. Alimwacha mkewe akaenda kuishi na mwanamke mwingine. Baadaye akarudi na boksi la krimu, na haikupita muda mrefu Miriam akaanza kubanduka. Mtaa mzima ulijumlisha mambo hayo ukapata jibu moja. Vijana walivunja kibanda chake, wakamburuta barabarani, na Bupe alipomweka mahabusu alikuwa pia anamwokoa. Lakini naye aliamini. Hilo lilimkera sasa kuliko vumbi lililokuwa kwenye kiti.

Aliagiza Yahaya atolewe mahabusu.

Aliletwa akiwa amepungua, jicho moja bado halijafunguka vizuri. Bupe hakumwambia habari za Mkemia. Alimtaka aanze upya tangu ugonjwa wa mkewe ulipoanza, na Yahaya, ambaye mara zote zilizopita alikuwa akijibu kwa ndiyo na hapana, safari hii akasimulia.

Ilianza kwenye viwiko, alisema, mabaka yenye magamba meupe, yakashuka mpaka viganjani. Wateja walianza kuacha vitambaa vyao bila kuvifuata. Mwanamke mmoja alilichukua gauni lake la kuvaa kwenye harusi ya mwanawe, akalifua mbele ya mlango wao kabla ya kuondoka nalo. Wengine walisema ni ukoma. Miaka ile, hata hivyo, watu hawakuogopa ukoma kama walivyoogopa jambo jingine. Mtu akibadilika ngozi tu, midomo ya mtaa ilikuwa imeshamzika. Yahaya naye aliogopa. Alikwenda kupimwa damu kwa siri na kabla hajapata majibu akahama.

"Siku niliyoondoka nilichoma mashuka," alisema. "Yale tuliyolalia. Niliyachomea uani, mchana, majirani wanaangalia."

"Yeye alikuwa wapi?"

"Alikuwa kwenye cherehani. Alisikia harufu akatoka. Alichukua kijiti, afande. Alinisaidia kusukumia motoni yale yaliyokuwa hayajaungua."

Majibu yake yalikuja safi. Hapo ndipo alipotambua alichokifanya, lakini ilimchukua muda mrefu kupata uso wa kurudi. Aliporudi na boksi la krimu kama mtu anayekuja kuomba radhi, alimkuta Miriam amekwishapona. Viganja vilikuwa laini, wateja wawili watatu wamerejea, na kwaya ya kanisa lake ilikuwa imempa sare za kushona. Kuna kliniki ya utafiti, alimwambia, wamenipa dawa. Alilipokea boksi kwa adabu akalisukumia chini ya kitanda, na hakumkaribisha kulala.

Bupe alimuuliza kama walionana tena. Walionana mara moja, Juni ikielekea mwisho. Mabaka yalikuwa yamerudi na safari hii yalikuwa yanaungana. Miriam alimwambia kwamba dawa imebadilika, inateleza tu juu ya ngozi na haifanyi kazi, na kwamba alikuwa amekwisha kulalamika kliniki.

"Alimlalamikia daktari?"

"Hapana. Nesi. Sista Penina. Akaambiwa avumilie, aendelee kupaka."

Bupe aliandika jina hilo, akaagiza mahabusu apewe chai kabla ya kurudishwa ndani. Yahaya hakuuliza kama ataachiwa. Alisimama mwenyewe, akatangulia mbele ya askari.

Gari la upelelezi lilikuwa limechukuliwa kusindikiza wajumbe wa mkutano kwenye ukumbi wa Chimwaga, kwa hiyo Bupe na Khamisi walikwenda kliniki kwa miguu, wameinamisha vichwa kukwepa mchanga. Ilikuwa ni nyumba ya zamani ya misheni, imepakwa chokaa. Benchi la wagonjwa lilikuwa tupu. Ndani walimkuta Daktari Batholomeo Haule akifunga maboksi kwa kamba. Wafadhili wake wa ng'ambo, alieleza, walipopata habari ya kifo walituma faksi ya kusimamisha kila kitu. Hakuna dawa mpya itakayokuja, na iliyokuwapo alikuwa ameshairudisha.

Alikuwa mtu mpole, mwenye macho ya kukosa usingizi, na alijibu kila swali bila kuzunguka. Ugonjwa wa Miriam unaitwa soriasi. Hauambukizi. Hauui, kwa kawaida. Mwili wenyewe unakosea hesabu, unatengeneza ngozi mpya kabla ya ile ya zamani kuondoka, na magamba yanarundikana. Utafiti ulikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa kujaribu marhamu ya homoni iliyotoka kiwandani kwa wafadhili. Ya pili ilikuwa kuwauliza wagonjwa maisha yao yamekuwaje.

"Maswali gani?" Bupe aliuliza.

"Kwa wiki iliyopita ngozi imekuaibisha kiasi gani? Imekuzuia kwenda sokoni, kuvaa unachotaka? Imeleta shida kati yako na mwenzi wako? Mgonjwa anachagua: sana, kiasi, kidogo, hapana."

Miriam alijibu nini kwenye lile la mwenzi? Daktari alifunga fundo la kamba kabla ya kujibu. Alikuwa amemuuliza yeye mwenyewe, alisema, na Miriam alicheka, kisha akamuuliza kama mtu asiyebakiwa na mwenzi anaandikwa "sana" au anaandikwa "hapana".

Bupe akaweka mezani habari za Mkemia. Alizisema polepole, kikopo cha kwanza, kisha cha pili, huku akimtazama usoni. Daktari hakushtuka. Alikaa akaeleza kwa subira kwamba huenda hapo hakuna kosa lolote. Katika utafiti wa namna hiyo nusu ya wagonjwa hupewa dawa na nusu hupewa mafuta matupu, ili walinganishwe. Wenyewe hawaambiwi, na hata yeye hakuwa anajua nani ana nini. Yawezekana Miriam alikuwa upande wa mafuta.

"Mgonjwa anaweza kuhamishwa upande katikati ya safari?"

"Haiwezekani. Anakoanza ndiko anakomalizia."

"Kikopo cha Machi kilikuwa na dawa, daktari. Cha Juni hakina."

Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Akajaribu njia nyingine: wagonjwa wenyewe hubadilishana vikopo, wamewahi kuwakamata wawili. Bupe alikuwa amelifikiria hilo njiani. Alimkumbusha kwamba vikopo vyote viwili vilikuwa na jina la Miriam kwa mwandiko uleule. Anayebadilishana na jirani huondoka na jina la jirani. Kilichobadilika kilibadilika kabla lebo haijabandikwa.

Nani alikuwa akijaza vikopo na kubandika lebo? Sista Penina Mbijima. Funguo za kabati? Yeye daktari na Sista Penina. Mwezi ule wa sita, kuna mgonjwa mwingine aliyekuwa amepona kisha akaharibika ghafla? Daktari alifikiri. Hakuna. Ni Miriam peke yake. Yeye aliandika kwamba dawa imeacha kumfaa, na alisikitika, maana Miriam ndiye aliyekuwa amepona vizuri kuliko wote.

"Kwa hiyo hata asiyeambiwa kitu angeweza kumtazama Miriam akajua vikopo vyake vina dawa ya kweli," Bupe alisema.

"Yeyote aliyeiona ngozi yake kila wiki, ndiyo."

"Na walioiona ni ninyi wawili."

Khamisi aliacha kuandika. Bupe alikuwa tayari ameshamwondoa daktari kichwani mwake. Mtu aliyefanya kazi miaka yote hiyo ili apate takwimu zake hawezi kuziharibu kwa mkono wake mwenyewe, na kupona kwa Miriam kulikuwa takwimu nzuri kuliko zote. Alibakiza swali moja. Je, Sista Penina aliwahi kumwombea mtu yeyote aingizwe kwenye utafiti?

Daktari alijibu haraka, kama mtu anayekumbuka jambo dogo. Mdogo wake, Ruthu. Alikuwa na soriasi mbaya sana, lakini alikuwa mjamzito, na wajawazito kanuni haziwaruhusu. Alipojifungua usajili ulikuwa umefungwa. Sista aliomba mara kadhaa kisha akaacha.

"Aliacha kuomba lini?"

Daktari alihesabu miezi kwa vidole, akaishia kwenye wa sita. Alikuwa ameona sasa.

Bupe akamtaka aeleze kinachompata mgonjwa aliyezoea dawa ile akikatiwa ghafla. Alieleza akitazama sakafu. Ugonjwa unarudi na ghadhabu. Unaweza kushika mwili mzima, ngozi yote ikawa kidonda kimoja, na mtu mwenye ngozi ya namna hiyo hupoteza maji na joto kama mtu aliyeungua. Ndiyo maana mpango wa utafiti ulisema kwamba mwishoni kila mgonjwa atapunguziwa dawa taratibu, kidogo kidogo, mpaka mwili uache kuitegemea. Alipomwona Miriam mara ya mwisho hali haikuwa imefika huko. Alimpa miadi, hakuja. Alidhani amekata tamaa na utafiti; wengi hukata.

Hakuna aliyekwenda kumtafuta. Daktari alilisogeza boksi lililokuwa mbele yake kama lililokuwa linamziba asipumue.

Gari lilirudi mchana na wakaenda Mkonze. Nyumba ya Sista Penina ilikuwa ya matofali ya kuchoma, bati limeshikizwa kwa mawe, uani kuna jiko la kuni na kichanja cha vyombo. Msichana mmoja alikuwa amekaa kwenye mkeka akipeta uwele, mtoto mchanga amelala pembeni yake kwenye kanga. Aliinuka walipopiga hodi, akawaamkia shikamoo, akamwita Bupe mama, akawatafutia viti. Alikuwa amevaa blauzi ya mikono mifupi. Wakati akiweka viti Bupe alitazama mikono yake. Ilikuwa laini mpaka mabegani. Ila mtu akijua pa kutazama aliona madoa mapana yaliyokolea rangi kidogo kuliko ngozi nyingine, kama mahali palipowahi kulowa maji pakakauka.

"Wewe ni Ruthu."

"Ndiyo, mama. Dada yupo, anasonga ugali."

Bupe alimuuliza habari za afya yake. Ruthu aliangalia mikono yake mwenyewe na kutabasamu. Alisema ameshapona, dada yake amempatia dawa za hospitali, kwamba zamani asingeweza kukaa mbele ya wageni hivi. Alisema hivyo kama mtu anayeonyesha nguo mpya, na Koplo Khamisi akageuza uso.

Sista Penina alitoka jikoni na mwiko mkononi. Alikuwa mwanamke mnene, wa makamo, aliyekuwa likizo tangu siku za msiba. Aliitazama sare ya Khamisi, akamtazama Bupe, akarudi ndani kuepua sufuria, akatoka tena akiwa amenawa mikono. Alimwambia Ruthu apeleke mtoto kwa jirani. Ruthu alipokwenda, Bupe alimwomba Penina amletee vikopo.

Hakujifanya haelewi. Aliingia chumbani akarudi na furushi la kitenge. Vilikuwamo vikopo vyeupe vitatu, viwili vimefungwa kwa plasta na kimoja kilichofunguliwa. Havikuwa na lebo.

Bupe alimwonya kama sheria inavyotaka, kwamba halazimiki kusema lolote na kwamba atakalosema litaandikwa. Akasema yote.

Ruthu alikuwa amerudishwa kutoka kwa mumewe, mtoto akiwa bado mwekundu wa kuzaliwa. Mama mkwe alikuwa akimwagia maji ya moto kila kigoda alichokalia. Alimkataza kumbeba mtoto, akimwambia atamwambukiza. Maziwa yake yalikuwa yakikamuliwa kwenye kikombe na kupelekwa kwa mtoto chumba kingine. Alipofika Mkonze hakusema kwa siku nyingi. Kisha asubuhi moja wafanyakazi wa reli walimkuta amekaa kwenye njia ya treni, wakamrudisha. Penina alikuwa anafungua kabati lililojaa dawa kila siku kazini, anarudi jioni kumtazama mdogo wake akijikuna mpaka damu.

Alianza na marhamu iliyobaki kwenye kuta za makopo makubwa, haikutosha. Alihitaji fungu zima la mtu. Akawatazama wagonjwa mmoja mmoja.

"Miriam alikuwa amepona," alisema. "Viganja safi, viwiko safi. Nikasema, huyu ameshavuka mto. Acha na mwingine avuke."

"Akarudi kwako kulalamika."

"Alirudi."

"Uliiona ngozi yake?"

"Niliiona." Sauti yake ilibaki palepale. "Nikasema wiki ijayo nitamrudishia. Nikifika nyumbani namkuta Ruthu amembeba mtoto wake, anaimba. Nasema wiki ijayo. Halafu Miriam akaacha kuja, nami nikajiambia labda amepata nafuu."

Habari ya msiba aliisikia kanisani. Alikwenda. Wanawake wa pale walikuwa wamesimama nje ya chumba, hakuna aliyethubutu kumwosha marehemu, wanaogopa kumgusa. Penina aliingia peke yake, akafunga mlango, akamwosha Miriam tangu kichwani mpaka miguuni. Ngozi ilikuwa ikitoka na kitambaa. Yoramu alimshukuru mbele ya watu wote, akamwombea kwa Mungu.

Khamisi alimpa karatasi ya maelezo, akaisoma yote na kuitia sahihi. Bupe alimwambia kwamba atashitakiwa kwa wizi na kwa kuua bila kukusudia, na kwamba vikopo ni vielelezo. Penina aliitikia kwa kichwa. Aliomba jambo moja, azungumze na mdogo wake kabla ya kuondoka. Bupe alikubali, ila kwa sharti kwamba yeye awepo anasikia.

Ruthu alirudi kutoka kwa jirani akakuta furushi liko mikononi mwa koplo. Penina alimkalisha kwenye mkeka. Hakumweleza kosa lake. Alimwambia tu kwamba atakuwa mbali na kwamba asikilize vizuri. Alimshika mkono, akamwonyesha kwa kidole chake. Usipake tena asubuhi na jioni. Paka mara moja, nyembamba, iwe kama hujapaka. Wiki ikipita, ruka siku moja. Baadaye ruka mbili. Mikunjo ya mwili ndiyo uanze kuiacha. Usiache kwa mara moja, hata ukijiona umepona. Hasa ukijiona umepona. Alimtaka ayarudie maneno hayo, na Ruthu akayarudia, macho yake yakihama kutoka kwa dada yake kwenda kwa polisi.

Bupe alisubiri mpaka Penina aliposimama na kufika karibu na gari.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Miriam hukumwambia hivi."

Penina alikuwa ameshika mlango wa gari. Upepo ulikuwa umemfunua kitambaa cha kichwa na hakukirudisha.

"Ningemwambiaje apunguze dawa," alisema, "bila kumwambia kwamba haipo?"

Bupe alirudi uani. Kwa sheria, vikopo vyote vitatu vilikuwa mali ya mahakama. Alichukua furushi kutoka kwa Khamisi, akatoa kile kilichofunguliwa, akampa Ruthu. Koplo aliandika kwamba wamepokea vikopo viwili. Penina aliona kupitia dirisha la gari. Walipofika barabara kuu alisema, bila kumlenga yeyote, kwamba kile kimoja hakitatosha.

Yahaya aliachiwa kesho yake. Bupe mwenyewe alikwenda kwa Yoramu kumweleza kilichomuua dada yake. Yoramu alisikiliza yote, amesimama kati ya mizabibu yake, kisha akasema kwamba serikali imedanganywa. Sista Penina ndiye aliyemwosha. Mwuaji hamwoshi aliyemuua. Aliapa kwamba Yahaya atalipa, kama si mahakamani basi mahali pengine, na kabla ya mwezi kwisha Yahaya alihama Dodoma, na kibanda chake kikachukuliwa na muuza mitumba.

Kuhusu Ruthu, Bupe alifanya aliloweza. Alimwendea Daktari Haule, ambaye hakuwa tena na kliniki, akamwomba dawa. Daktari alizunguka maduka yote ya dawa ya mji akapata mirija michache ya marhamu dhaifu, ya kutibu upele wa watoto. Vile vikopo viwili vilikuwa kwenye chumba cha vielelezo, vimepigwa lakiri. Bupe aliandika barua kuomba kimoja kitolewe kwa sababu za kibinadamu. Ilirudi na jibu la kwamba shauri bado liko mahakamani.

Mvua za kwanza zilipodondoka aliitwa wodini. Walikuwa wamemlaza Ruthu kwenye kitanda cha mwisho, na shuka lilikuwa limeinuliwa kwa fremu ya chuma ili lisimguse. Alikuwa mwekundu mpaka kwenye kope. Alitetemeka kwa baridi ingawa wodi ilikuwa na joto, na mikono yake ilikuwa imewekwa mbali na mwili, viganja juu. Mtoto wake alikuwa kwa jirani Mkonze. Bupe alisogeza kiti, akamuuliza kama anahitaji maji.

Ruthu alitikisa kichwa. Aliuliza kama dada yake ameshafungwa.

"Bado. Kesi inaendelea."

"Utamwona?"

"Nitamwona."

Alivuta pumzi. Midomo yake ilikuwa imepasuka, na maneno yalitoka moja moja.

"Mwambie nilipaka kidogo kidogo," alisema. "Kama alivyonifundisha. Asije akafikiri nilikosea."